Kimya cha Tangi la Bi Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Manyoni, sikupewa spana wala msumeno wa chuma. Nilipewa nondo. Mhandisi wa Maji wa Wilaya alinichukua hadi kwenye chemba moja nyuma ya stesheni ya reli, yaani kile kishimo kinachojengewa ili valvu ya bomba kuu ifikike kwa urahisi. Akasimamisha nondo juu ya bomba na kuniamuru niweke sikio kwenye ncha ya juu.

"Unasikia nini?"

Nilimjibu kwamba sisikii kitu.

"Basi hujaanza kazi," akasema, akaondoka zake na baiskeli.

Nilibaki nimeinama pale kama mtu anayeongea na ardhi, na wapita njia wakinicheka. Sikujua kama nimeajiriwa au nimefukuzwa. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisirudi. Hatimaye asubuhi moja, treni ikiwa imeshapita na mji umetulia, nikasikia sauti nyembamba, kama ya mtu anayekaanga kitunguu nyumba ya pili. Nilikimbia kumwita Mhandisi. Tulichimba mita chache kutoka pale, tukakuta udongo umelowa na bomba lina ufa. Akanipa spana.

Vijana mnaosoma haya mmezoea vipimo vya umeme. Sisi uvujaji tuliutafuta kwa sikio. Maji yanayopita salama ndani ya bomba yana sauti yake, na yanayopenya kwenye ufa yana yake. Fundi aliyezijua zote mbili alijulikana wilaya nzima. Mimi nilikuja kuitwa Fundi Masikio, na jina langu hasa la Elia likabaki kanisani na kwenye hati ya mshahara.

Kutoka Manyoni nilihamishiwa upande wa Iramba, chini ya mteremko wa Sekenke, kwenye nyumba ya pampu. Hapo maji yalivutwa kutoka kisima kirefu kwa injini ya dizeli. Msimamizi wa Mitambo alikuwa mtu mfupi, mkali, anayesalimia injini kabla ya kusalimia watu. Alinifundisha kwamba injini nzima husema neno moja tu siku nzima, na ikianza kusema mawili, uizime. Chumba kilikuwa cha bati na injini ilinguruma hata meno yakatikisika. Tuliwahi kuziba masikio kwa pamba, halafu tukaitoa wenyewe, maana ukiziba utaisikiaje injini? Nilikaa hapo miaka mingi kuliko kituo kingine chochote, na wanangu wote walizaliwa nikiwa hapo.

Kituo cha mwisho kilikuwa Singida mjini, chini ya Meneja aliyependa sana neno mgao. Mgao ulikuwa hivi: mtaa huu leo, mtaa ule keshokutwa. Basi watu wa mjini wakawa na desturi ambayo hata leo ipo. Bomba likikauka hulifungi. Unaliacha wazi, unaweka debe tupu chini yake, unaendelea na shughuli zako. Maji yakirudi, debe linakuita. Meneja alichukia desturi hiyo kwa sababu ya maji yanayomwagika, akatutuma tuwaonye wananchi. Tulikwenda kuwaonya, na nyumbani kwangu debe langu liko pale pale.

Nilistaafu kwa umri, wakaniaga kwa soda na hotuba, nikarudi kwetu Misigiri kulima alizeti. Lakini huko sikustaafu kweli. Simu ikipigwa kwamba kuna tangi au choo kinasumbua, nilipanda gari na begi langu la zana. Aliyenistaafisha kweli ni tangi la samaki. Nikisema hivyo hapa kijijini watu husubiri nicheke ili na wao wacheke, na mimi sicheki.

Bwana Shabani anakamua mafuta ya alizeti Singida mjini. Mkewe, Bi Rukia, ni mzaliwa wa Pangani, aliyeletwa huku na ndoa akiwa binti. Kiharusi kilimpata, upande wa kushoto ukalala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Alikuwa anashinda sebuleni kwenye kochi, akitazama ukuta. Siku moja, baada ya kuulizwa mara nyingi anataka nini, alisema: bahari. Mumewe hangeweza kumsafirisha katika hali ile, kwa hiyo akaagiza bahari ije.

Aliponipigia simu nilifika, nikakuta tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, limewekwa juu ya meza ya chuma mbele ya kochi. Muuzaji kutoka Dar es Salaam alikuwa amelileta, pamoja na mawe yenye viumbe hai, yale matumbawe, akaacha pampu na mifuko ya chumvi, akaahidi kuelekeza mengine kwa simu. Nilishangaa tangu mwanzo. Niliuliza chumvi ya mifuko ya nini, na Ziwa Singidani liko pale, ukinawa tu unabaki na utando mweupe mikononi. Bwana Shabani akacheka kwa adabu, akasema hata yeye aliuliza, akaambiwa maji ya ziwa letu ni ya magadi na samaki wa bahari hawayawezi. Nikatoa begini valvu yangu ya shaba, bidhaa niliyoiheshimu maisha yangu yote, nikaambiwa hiyo ni sumu kwa matumbawe. Hapo nikakaa chini kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maji ya tangi la juu hayatakiwi kutuama. Yanafurika kwenye ukingo uliopasuliwa meno kama kitana, yanaingia kwenye kijichumba cha kioo nyuma, yanashuka kwa bomba hadi tangi la pili lililofichwa chini ya meza. Huko chini ndiko yanakochujwa, na pampu inayapandisha tena. Mzunguko tu, mchana na usiku. Mimi nikaona ni mambo ya simtanki na bomba la kufurikia, kazi ya asubuhi moja.

"Shikamoo mzee wangu," Bwana Shabani aliniambia kabla sijaanza, ingawa tulishasalimiana, na nikajua kuna jambo. "Daktari anataka mama apate utulivu. Kelele zinamvuruga, analia. Maji yakinyamaza nitaagiza samaki. Yasiponyamaza nitaliondoa, hata kama atanichukia."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, ameita Fundi Masikio.

Niliweka bomba moja la plastiki, pana, kutoka juu hadi chini, nikawasha pampu. Maji yakapanda, yakafurika, yakashuka. Nilisimama nikasikiliza kwa makini yote ya Manyoni. Kimya. Nikaanza kukusanya zana zangu. Nilipogeuka, Bi Rukia alikuwa amejifunika sikio kwa mto, na machozi yanamtoka.

Nilichanganyikiwa. Nilimtazama Bwana Shabani, naye ananitazama mimi, amekunja uso. Akauliza kama ndivyo itakavyokuwa siku zote. Nikamuuliza, ndivyo vipi? Tukawa kama watu wawili wanaozungumzia nyumba mbili tofauti. Moyoni nikasema, maskini, kiharusi kimemharibu mama, na mumewe naye kwa mapenzi anasikia anachosikia mkewe.

Ndipo hodi ikapigwa. Jirani, mama mmoja mwenye khanga kiunoni, alisimama mlangoni na ndoo mbili tupu.

"Jamani, kumbe kwenu yametoka," akasema. "Mbona kwangu bomba bado kavu?"

Bwana Shabani akamweleza kwamba hayajatoka. Yule mama hakukubali. Alisema ameyasikia akiwa barabarani, yanaanguka kama yanajaza pipa, na kwamba si vizuri mtu kuwa na laini yake ya siri wakati mtaa mzima unasubiri mgao. Nyuma yake alikuja mwingine, na ndoo yake. Nilitoka nao hadi getini. Nikamwomba yule wa kwanza aniambie anasikia nini hapo tuliposimama.

"Mzee, si hayo yanabubujika?" akasema, akinyoosha kidole dirishani.

Nilisimama pale getini. Nilimsikia yeye vizuri. Nilisikia lori likipanda kilima. Maji sikuyasikia.

Nilirudi ndani, nikaweka sikio kwenye kioo cha tangi, kama nilivyofanya kwenye nondo ile. Hakuna kitu. Nikaweka kiganja kwenye bomba. Bomba lilikuwa linatetemeka, linameza na kutapika, linavuta hewa na maji kwa pamoja kama mtu anayekunywa uji wa moto. Mkono ulisikia kelele yote. Sikio halikusikia chochote.

Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa kuliko siku moja nilipoanguka kisimani nikiwa kazini. Mambo mengi yakaanza kujipanga kichwani bila kuitwa. Nilikuwa nimeona ndege wamepungua Misigiri, nikalaumu dawa za mashambani. Nilidhani mabomba ya plastiki yametulia kuliko ya chuma, nikayasifu mbele za watu. Mama Neema, mke wangu, alikuwa akinirudia jambo mara tatu, halafu ananiambia sikio la kufa halisikii dawa, nami nilichukulia ananisema kwa ubishi wangu.

Bwana Shabani alisema labda tuliondoe tu, tusimtese mgonjwa. Bi Rukia alisikia. Aliinua mkono wake mzima, wa kulia, akautikisa: hapana. Sijui kwa nini mkono ule ulinipa akili. Niliomba nipewe nafasi nyingine, nikampigia yule muuzaji, nikamwambia anieleze polepole na kwa sauti.

Maelezo yake niliyaelewa, na ninayaandika kwa ajili ya fundi yeyote atakayekutana na mambo haya. Bomba moja haliwezi kunyamaza, kwa sababu linagombaniwa na maji na hewa. Unaweka matatu. La kwanza unalifungia valvu ya plastiki na kulibana hadi lijae maji tupu, bila hewa, lishuke kwa kujivuta lenyewe. Maji yaliyobaki kidogo yanapita bomba la pili, yakiteleza kwenye ukuta wake kimya kimya. La tatu linakaa kavu, juu kidogo, kungojea siku konokono akiziba yale mengine. Midomo ya mabomba unaizamisha kidogo kwenye tangi la chini ili maji yasidondoke kutoka juu. Na kijichumba cha nyuma kibaki kimejaa karibu na ukingo, maana maji yakianguka kimo kifupi hayapigi kelele.

Nilikata, nikagundisha, nikaacha gundi ikauke. Kilichobaki ni kubana valvu, na hiyo ni kazi ya sikio. Ukibana mno maji yanapanda hadi bomba la tatu, ukilegeza mno hewa inaingia na vurugu inaanza. Ni robo ya robo ya mzunguko. Fundi mwenye masikio angefunga macho na kuzungusha.

Nilimwendea Bi Rukia, nikachuchumaa mbele ya kochi.

"Mama," nikamwambia, "mimi siyasikii haya maji. Wewe unayasikia. Yakiwa na kelele inua mkono. Yakitulia ushushe."

Nilidhani hakuelewa, kisha mkono ukapanda.

Basi tulifanya kazi hivyo, mimi nimepiga magoti, kiganja kimoja kwenye bomba, kingine kwenye valvu, macho kwenye mkono wake. Nilibana kidogo. Mkono ulibaki juu. Nikabana tena, ukashuka nusu, ukapanda. Nililegeza kwa unywele. Chini ya kiganja changu bomba liliacha kutetemeka, likawa zito na tulivu kama shingo ya ng'ombe aliyelala. Niliinua macho. Mkono wa Bi Rukia ulikuwa umelala mapajani.

"Shwari," akasema.

Tulizima swichi kujaribu siku umeme ukikatika, maana Singida si kitu cha kuuliza kama utakatika. Maji ya juu yalishuka hadi ukingoni yakakoma. Bomba la pampu halikuyarudisha yote, kwa sababu nilikuwa nimelitoboa tundu dogo karibu na uso wa maji, linalovuta hewa na kukata mvuto. Tangi la chini halikumwagika. Samaki wakaletwa baadaye, wa manjano na wa milia, nami nilitumiwa picha. Bwana Shabani alinisimulia kwenye simu kwamba yule jirani alipita, akampa pole kwa kukatiwa maji.

Zana zangu nilimpa fundi wa Misigiri, zote isipokuwa nondo. Nilipima masikio hospitali, nikaambiwa sauti nene ninazo, nyembamba zimekwenda, na hazirudi. Niliuliza zilikwenda lini. Hakuna ajuaye. Hilo ndilo linalonichanganya hadi leo. Kuna siku nilisikia tone likidondoka kwa mara ya mwisho, nami nikaendelea kula au kufunga kamba za viatu, bila kujua kwamba lile ndilo la mwisho. Inaniuma, sifichi. Ningeambiwa, ningekaa nikalisikiliza.

Huku kijijini nako tumeletewa bomba, na mgao umekuja pamoja nalo. Debe langu liko uani chini ya bomba lililoachwa wazi, kama la kila mtu. Mchana tunakaa barazani, mimi na Mama Neema, yeye akipepeta mtama, mimi nikiutazama mkono wake wa kulia. Haongei, maana nimemsimulia habari za Bi Rukia. Ungo unasimama, mkono unapanda, nami nainuka kwenda kufunga bomba.