Bei ya Mtoto Asiyesema

Harufu ya mawese yaliyomwagika kwenye udongo ulioloa mvua, ikichanganyika na ya ndagala, dagaa wakavu, hunisimamisha njiani mpaka leo. Ndivyo lilivyonuka soko la Muyinga mwaka tuliorudi kutoka ukimbizini Tanzania. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, sijui vizuri, maana siku niliyozaliwa hakuna aliyeiandika. Soko lenyewe lilikuwa chini tu. Wanawake walitandika magunia, wakapanga mafungu yao, na mvua ikianza kila mtu alifunika bidhaa kwanza, kichwa baadaye. Shuleni nilifika darasa la tatu nikaishia hapo, na sioni haya kusema. Bei nilisomea pale sokoni, na katika bei bado sijamwona wa kunizidi, hata awe na diploma na tai shingoni.

Baba alikuwa ametangulia Ryansoro, upande wa Gitega, kusafisha shamba la babu na kusimamisha nyumba. Sisi alituacha Muyinga katika chumba cha kupanga: Mama, mimi na wadogo zangu wawili, mpaka paa litakapokaa. Alimwachia Mama pesa kidogo zilizofungwa kwenye kitambaa, na baiskeli yake. Baiskeli ile aliinunua kwa miaka ya kulima tumbaku ya watu kule Tanzania, akaivusha mpaka kwa kuisukuma, hakukubali hata ipandishwe kwenye lori. "Pesa ikiisha kabla sijawaita, iuzeni," alisema, kisha akageuka haraka asiitazame tena. Mama aliiegemeza ukutani, akaifunika gunia, na akaamua moyoni kwamba haiuzwi. Basi kazi yetu yote msimu ule ilikuwa hiyo: kula bila kuila baiskeli ya Baba.

Siku ya kwanza sokoni tuliona tatizo liko wapi. Mama aliuliza bei ya kikombe cha ndagala. Muuzaji akamtazama mdomoni, akasema, "Mmerudi lini, mama?" ndipo akataja bei. Pembeni yetu mwanamke wa pale pale Muyinga alinunua kikombe kama hicho kwa karibu nusu. Hawakuwa watu wabaya. Waliamini tu kwamba kila anayetoka Tanzania ana shilingi zimeshonwa kwenye pindo la nguo. Kirundi chetu kilikuwa na mwendo wa kule tulikokulia, Kiswahili chetu kilikuwa cha Kigoma, na kila tulipofungua mdomo bei ilipanda. Tulipofika nyumbani Mama alinikalisha juu ya debe, akaniambia, "Soko lijalo unakwenda wewe. Na husemi."

"Nisiseme nini?"

"Kitu chochote. Wewe ni bubu."

Wala haikuwa kazi ngumu. Bubu habishani. Bubu anaonyesha kitu kwa kidole, anafungua kiganja chenye sarafu, halafu anasimama. Silaha yangu ilikuwa kusimama. Muuzaji akitikisa kichwa, sikuondoka. Nilisimama mbele ya fungu lake na wateja wakanizunguka kwa shida, mpaka akachoka. Lakini faida kubwa ilikuwa nyingine, na Mama mwenyewe hakuwa ameifikiria. Watu wakiona husemi, wanadhani pia husikii. Wanawake wale waliongea mbele yangu kama nipo sipo: lori limeshusha kwa kiasi gani, nani amepata hasara, nani anataka kumaliza mzigo apande kilimani mapema. Nilijua kwamba nyanya hushuka jua likielekea magharibi, kwa sababu hakuna anayependa kuzibeba tena kupandisha mlima. Nilijua mche wa sabuni uliovunjika kona unapungua bei, na povu lake ni lile lile. Nilijua chumvi, kiberiti na mafuta ya taa yalinunuliwa kwa ngapi huko yalikotoka. Kwa hiyo kiganjani mwangu kulikuwa na bei ya lori na faranga chache juu yake, basi.

"Hii mtoto iko na shetani," alisema mama mmoja muuza maharage. "Inajua bei ya lori."

"Bubu huyo, anajua nini?" mwenzake akamjibu. "Mpe aende, anakuzibia wateja."

Wakanipa na jina, Kiragi, ndiyo bubu kwa Kirundi. Mama aliniita waziri wake wa fedha. Mtoto wa miaka kumi akipewa cheo kama hicho, akaona wadogo zake wanakula samaki kwa sababu yake na baiskeli bado iko ukutani, anavimba. Nilivimba kweli. Nasema hili mapema ili yanayofuata mtu asimsingizie Mama. Mama hakujua. Nilijua mimi.

Mawese na ndagala nilinunua kwa Bibi Sabina, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyokuwa myekundu mpaka kwenye viwiko kwa sababu ya mafuta. Kwake hata sikuhitaji kusimama. Alijaza kikombe, akaweka kilima juu yake, halafu akatupia konzi moja zaidi. "Mungu amemnyima mdomo," aliwaambia wenzake, "na mimi nimnyime samaki?" Baada ya wiki chache alianza kunikalisha kwenye kona ya gunia lake, akanimenyea kiazi cha kuchoma, akawa anaongea nami kama mtu anavyoongea na mbuzi wake anayempenda. Aliongea juu ya mgongo wake, juu ya jirani anayesogeza mpaka wa shamba, na siku moja akaongea juu ya mwanawe.

Aliitwa Liberi. Alikimbia na wenzake miaka ile mibaya, na tangu hapo hakuna aliyeleta neno. Alikuwa na sikio la kushoto lililopasuka, kwa sababu alipokuwa mdogo alinaswa na mwiba, akalivuta badala ya kungoja mama yake. "Hakujua kungoja," alisema Bibi Sabina, akicheka kidogo, huku anapanga ndagala. "Sasa mimi ndiye ninayengoja."

Liberi mwenye sikio lililopasuka nilimjua. Alishona viatu katika kijiji chetu kule Tanzania, nyumba ya nne kutoka kisimani, na viatu nilivyovaa siku ile alivipiga kiraka yeye. Na nilijua kwa nini harudi. Nilimsikia mara nyingi akiwaambia wanaume waliokaa karibu naye kwamba kwao hakubaki mtu, mama yake alikwisha kufa, arudi kwa nani?

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kufungua mdomo. Sikufungua. Nilichukua kikombe changu chenye kilima na konzi juu yake, nikaenda nyumbani, nikasifiwa. Soko lililofuata nilikwenda tena, nikakaa kwenye kona ile ile ya gunia, nikamenyewa kiazi. Nilijiambia kwamba nikisema leo, kesho tutanunua kwa bei ya wanaotoka Tanzania, na baiskeli itaondoka. Hilo lilikuwa kweli. Lakini pia nilipenda kuwa waziri. Soko la tatu nalo likapita. Masoko yalikuwa mawili kwa wiki, kwa hiyo hesabu inakuja kama siku kumi.

Siku ya soko la nne kulikuwa na baridi. Bibi Sabina alitoa kifuko chini ya kikapu, akatoa sweta dogo la kijani, la mtoto, lililofumwa kwa mkono na kurekebishwa kiwiko. "La Liberi," alisema. "Nimechoka kulitunza. Atakayelivaa tena ni nani? Vaa wewe." Akanivisha mwenyewe, akanivuta mikono, akanifunga kifungo cha shingoni. Mimi nikafungua kiganja chenye sarafu. Akavifunga vidole vyangu kwa mkono wake mwekundu. "Hapana. Hili halinunuliwi."

Msimu mzima nilikuwa nikitafuta bei ya chini kabisa, na sasa ilikuwa imefika chini, pale ambapo hakuna sarafu hata moja, na nikaogopa kama mtu aliyekanyaga hewa. Nikasema, "Bibi, Liberi anashona viatu kwetu."

Muuza maharage alishika kopo lake hewani. Kisha akasema polepole, "Kumbe Kiragi iko na sauti. Na sauti yenyewe ya Tanzania."

"Nyamaza we," Bibi Sabina alimwambia, bila kuniondolea macho. "Rudia."

Nikarudia, nikaeleza: jina la kijiji, sikio la kushoto, nyumba ya nne kutoka kisimani, na kwamba anadhani mama yake amekufa. Akanitaka nirudie mara tatu. Mara ya tatu akauliza, "Umelijua lini?"

"Siku ulipotaja sikio."

Akahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu. Nilingoja kofi. Badala yake alichukua kikombe alichonijazia, akarudisha konzi ile kwenye fungu, akakisawazisha kwa kidole mpaka ndagala wakalingana na ukingo, akataja bei. Ilikuwa bei ya kwanza kabisa, ile aliyotajiwa Mama. Nikalipa. Sweta hakulichukua. Akamwachia muuza maharage gunia lake, akajifunga kitenge, akaondoka kuelekea barabara ya mpakani bila kunawa mikono.

Mama aliposikia yote, hakunipiga. Alisema tu, "Ungeniambia mimi." Mpaka leo neno hilo ni zito kwangu kuliko fimbo zote nilizowahi kuchapwa. Baiskeli tuliiuza majuma mawili baadaye. Baba alipokuja kutuchukua aliutazama ukuta, akabeba godoro, hakuuliza. Miaka yote ya Ryansoro alikwenda mjini Gitega kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Mimi nilianza kwa kuuza kiberiti na chumvi nikivibeba kichwani. Leo nina duka Magarama, mjini Gitega, na mtaa wa Musinzira nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na hakuna mtu aliyenipa hata msumari. Zamani nilipoanza kufuata maharage Muyinga, nilimkuta yule muuza maharage amezeeka. Akanijua kwa sauti. Aliniambia kwamba Liberi alikuja kweli, amebeba boksi lake la kushonea viatu, akakaa na mama yake masika moja. Masika yale yalipoisha, Bibi Sabina alifariki. Masika moja, na mimi nilikuwa nimekata siku kumi kwenye mwanzo wake. Nimejua bei za vitu vingi. Siku kumi zile nimezipangia bei mara nyingi, na kila nikirudia inakuwa juu zaidi.

Siku hizi wateja hupiga simu Bujumbura wakiwa wamesimama mbele yangu, wakajua bei ya lori bila kusimama jua wala mvua. Hakuna anayekaa kwenye kona ya gunia la mtu. Ningetoa mzigo mzima wa dukani nikae pale tena asubuhi moja, ninuke mawese, nimenyewe kiazi, na nifungue mdomo siku ile ile ya sikio.

Wanaorudi kutoka makambi ya Tanzania wanaendelea kuja. Juzi aliingia msichana mdogo, akaonyesha ndagala kwa kidole, akafungua kiganja, akasimama. Kusimama kule nilikujua. Nikajaza kikombe, nikaweka kilima, nikatupia konzi. Nikamwambia, "Sema, mwanangu. Hapa bei ni moja." Akanipima kwa macho. Halafu akasema, kwa Kiswahili cha Kigoma, kwamba mama yake anauliza kama kuna mtu hapa Gitega anayemjua kaka yake huyo mama. Nikatoka nyuma ya meza, nikamvutia kigoda.

"Kaa," nikamwambia. "Anaitwa nani?"