Simu ya Ijumaa

Kosa langu la kwanza na waandishi wa habari lilikuwa la kijinga, na sina wa kumsingizia. Nilikuwa zamu langoni mwa gereza letu, msichana wa gazeti akaniuliza wafungwa wanaendeleaje. Sisi maaskari jela tumezoea hivi: mtu wa nje haambiwi kitu. Nikakaza uso. "Madam, hapa hakuna wafungwa."

Nyuma yangu kundi zima la wafungwa lilikuwa linapalilia sukuma wiki likiimba kwa sauti zote nne.

Aliandika vile vile, na wimbo akautaja.

Mkubwa wetu hakunifuta kazi. Alinipa adhabu kali zaidi: nishughulikie waandishi. "Wewe ndiye uliyewafukuza, wewe utawarudisha."

Nikampigia yule msichana kuomba msamaha. Akacheka mpaka nikaona aibu. Kisha akauliza kama tuna maji. Nilitaka kusema tunayo, ulimi umezoea, lakini nikasema ukweli: bomba lilikuwa limekauka siku nne. Nikamwingiza, akapiga picha mitungi mitupu. Habari ilipotoka, boza la maji lilifika kabla ya chakula cha mchana. Mkubwa alininunulia soda.

Tangu hapo yule msichana akawa ananipigia kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Alianza na, "Sasa mzee, umeshindaje?" ndipo aingie kwenye mambo ya jela. Wenzangu wakienda Kikopey kula nyama, mimi nabaki nyumbani Lanet, nimekaa kwenye ngazi ya mlango, simu gotini. Nawaambia ni kazi. Ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu, mimi na redio, na redio haijawahi kuniuliza nimeshindaje.

Halafu akahamishiwa Nairobi. Aliyechukua nafasi yake ni kijana mwenye adabu, huandika ujumbe mfupi: "Habari afande. Kuna tukio?" Namjibu, "Hakuna." Uhusiano wetu na magazeti sasa ni mzuri sana, mkubwa ameusifu hata mkutanoni.

Ijumaa iliyopita jirani yangu, mama tunayetumia naye kamba moja ya nguo, alinikuta pale kwenye ngazi na simu yangu. Nikamweleza yote, hata ile ya kuulizwa nimeshindaje. Alimaliza kuanika shuka kwanza, bila haraka.

"Mzee, huyo msichana alikuwa anapigia jela. Wewe ulikuwa tu unashika simu."