Nilivyomchagulia Kaka Mwalimu wa Mifupa Bila Kupanda Mlima

Wakuu wa bweni, salamu kwenu wote, pamoja na mnaosoma hapa mlangoni na taulo kiunoni mkisubiri zamu ya kuoga.

Naanza na ujinga wangu, ili usiwashtue katikati. Nilitumwa kwenda kuwachunguza walimu wawili. Nikaenda kwa mmoja. Wa pili nikamtunga kichwani.

Najua sifa yangu humu. Ni mimi niliyewaambia standadi ya sita kwamba mkaguzi wa shule hupima vichwa vyetu ili achague wa kurudi naye Ulaya, na wawili wakalala porini. Hii siyo ya namna ile. Mkikuta uongo humu, prifekti aing'oe karatasi hii na mimi nideki choo mpaka shule ifungwe.

Nimeandika kwa sababu wiki nzima mnabishana mkimaliza standadi ya nane mwende wapi. Ualimu, udresa wa hospitali, kilimo. Chuo hiki kina bati, kile kina taa, kile kingine wali Jumapili.

Sijasikia hata mmoja akiuliza atafundishwa na nani.

Twende sasa.

Mimi ni mtoto wa kambi, shamba la mkonge upande wa Korogwe. Baba alikuja kwa mkataba kutoka magharibi mbali huko. Mkataba ukaisha, yeye akabaki, akamwoa mama, Mzigua wa Handeni.

Shamba la mkonge linavunja watu kama sisi tunavyovunja chaki. Leo mkono, kesho mguu. Hospitali ipo, lakini pale kambini kila mtu anamjua mtu aliyeingia na miguu miwili akatoka na mmoja. Kwa hiyo fundi wa mifupa anaheshimiwa kuliko nyapara.

Kaka yangu Athumani alikosa nafasi ya kuendelea na shule, akasema atasomea mifupa.

Kwa msioijua kazi hii: fundi akiletewa mtu aliyevunjika, anachukua kuku, anamvunja mguu pale pale alipovunjika mgonjwa. Anamfunga mgonjwa kwa vipande vya mwanzi, na kuku vilevile. Kuku akitembea, mgonjwa atatembea.

Msicheke. Nyinyi mlipaka mate kwenye karatasi za mtihani wa hesabu ili mfaulu, nani aliwacheka?

Mwanafunzi anakaa kwa mwalimu wake miaka. Siku mwalimu akiridhika anampa mkoba wa dawa, na hapo ndipo anapokuwa fundi. Kabla ya mkoba anaruhusiwa kugusa mizizi, kuku na jembe la mwalimu. Kumgusa mtu haruhusiwi. Akigusa mtu, mfupa hautashika, na yeye anafukuzwa, miaka yake imekwenda na maji.

Walimu waliokuwa tayari kumpokea ni wawili: Mzee Mhina wa Sindeni, Mzigua kama mama, mwenye jina kubwa kuliko Bwana Shauri wa wilaya, na bibi mmoja wa Kishambaa huko juu Dindira.

Ilikuwa likizo, nimeingia standadi ya tano. Baba akaniita.

"Wewe una mdomo na huna kazi. Nenda Sindeni, ukirudi upande Dindira. Usimsikilize mwalimu, kila mwalimu anajisifu. Watazame wanafunzi wake, uje uniambie."

Sindeni nilikwenda kwa lori la mahindi. Wakuu, ule mji! Nyumba ya wanafunzi ndefu kuliko bweni letu. Shambani mstari wa wanaume wanalima wakiimba, huwezi kuuona mwisho wake.

Nikamwona mmoja mwenye ndevu nyeupe, nikajua ndiye. Nikapiga goti kabisa. "Shikamoo, Mzee Mhina."

Mstari mzima ukacheka mpaka majembe yakalala.

"Marahaba, mwanangu," akasema yule mzee. "Mimi bado mwanafunzi."

"Mwanafunzi? Tangu lini?"

Akafuta jembe kwa kiganja. "Mzee hajaridhika."

Mimi nikacheka pamoja nao. Hapo ndipo jibu lote lilipokuwa, limesimama mbele yangu na ndevu zake, na mimi nikacheka.

Halafu nikapewa ugali na kuku. Uani kuku wengine walikuwa wanachechemea na miguu ya mwanzi kama askari waliotoka vitani, nikamuuliza mpishi kama huyu wa kwenye sahani naye alikuwa mgonjwa.

"Kula, mpumbavu wewe," akasema. "Kuku wa mgonjwa haliwi."

Nikala. Nikajaza na mfuko.

Dindira sasa. Nilifika chini ya mlima, kwenye soko. Juu kulikuwa kweusi, mvua inamwagika, njia inang'aa kwa utelezi. Chini hapakudondoka hata tone. Nikautazama ule mlima. Nikamwona mama mmoja anauza maharage.

"Shikamoo, mama. Yule bibi wa mifupa huko juu ana wanafunzi wangapi?"

"Marahaba. Sasa hivi anaye mmoja."

Mmoja! Nikamshukuru, nikanunua muhindi wa kuchoma, nikakaa nikitazama watu wanacheza bao mpaka jua likapoa. Nikarudi nyumbani.

Baba alikuwa mlangoni. Mama anapepeta mahindi. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akarudi kwenye ungo wake.

"Sindeni wamejaa, Baba," nikasema. "Hata wazee wanasoma pale! Dindira yuko mmoja tu, na nyumba inavuja."

Ya kuvuja niliiongeza. Niliona taarifa imekuwa fupi.

"Wazee?" Baba akauliza. "Wazee wanasoma?"

Mama akadakia. "Si ndiyo heshima hiyo? Sindeni kuna shangazi zangu, Athumani hatalala njaa. Huko mlimani ana nani?"

Baba akakubali. Kaka akaenda Sindeni.

Miaka ikaenda. Kaka akirudi kusalimia, mikono ina sugu za jembe. Kila mavuno aliambiwa subiri mavuno yajayo. Lakini alikuwa anajua, msidhani hakujua. Mbuzi wa jirani alivunjika, Kaka akamfunga, na yule mbuzi mpaka leo anaruka ukuta wa watu. Mimi nilimbatiza Mwanafunzi wa Kudumu. Alikuwa anacheka. Mwaka wa mwisho aliacha kucheka.

Mwaka jana, karibu na kufunga shule, matita ya mkonge yaliporomoka kutoka kwenye troli, yakamwangukia Baba mguuni, chini ya goti.

Walimleta nyumbani juu ya mlango uliong'olewa. Dresa wa shamba akasema apelekwe hospitali siku ile ile.

"Wanikate?" Baba akasema. "Nina mtoto fundi."

Kaka akaitwa. Alikuja kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akakaa chini kando ya kitanda, akautazama ule mguu. Hakuugusa. Niliona vidole vyake vinatembea juu ya goti lake mwenyewe, vinabonyeza, vinavuta, vinapanga. Alikuwa anamtibu Baba kwenye mguu wake yeye.

"Kaka, fanya basi," nikasema.

"Sina mkoba."

"Anayeumwa ni Baba, siyo mkoba!"

"Nikimgusa mfupa hautashika. Unataka nimuue? Kisha miaka yote ile iwe nimemlimia mtu bure?"

Baba akasema, "Mwache. Kila kazi ina sheria yake."

Kaka akarudi Sindeni kuomba ama Mzee aje, ama amruhusu. Akaja na jibu: mavuno hayajaisha, Mzee atakuja. Amfunge kuku kwanza, mfupa utasubiri.

Basi akamfunga kuku.

Alikuwa kuku wa Mama, mwekundu, shingo nyeupe. Kaka akamvunja mguu chini ya goti, akamfunga kwa mwanzi na kamba laini ya katani. Wakuu, sijaona kazi nzuri kama ile. Watu wa kambi walikuja kumtazama kuku wakasahau kuingia ndani kumtazama mgonjwa.

Kila asubuhi Baba alikuwa anauliza toka kitandani, "Mgonjwa mwenzangu ameamkaje?" Mdomo huu nimeurithi kwake.

Siku kuku aliposimama, kina mama wakapiga vigelegele. Nikasema tumwandikishe kazini kwa nyapara ashike zamu ya Baba. Baba akacheka mpaka akashika ubavu. Ule ndio mzaha wangu wa mwisho katika nyumba ile.

Maana chumba kilikuwa kimeanza kunuka. Mama anafukiza ubani, tunajifanya ni ubani. Kuku anapiga hatua uani, sisi tunahesabu hizo ndizo hatua za Baba. Mguu wenyewe umekuwa mweusi na tunao hapa hapa chini ya shuka.

Baadaye Baba akaanza kuongea na watu wa kwao, kwa lugha ya kwao, ambayo hakutufundisha. Hatukujua anasema nini. Kaka anakaa pale pale, amekalia viganja vyake.

Mzee Mhina alikuja. Alisimama mlangoni, akaziba pua kwa ncha ya kanzu.

"Huyu mpelekeni hospitali," akasema. Akageuka.

Tulimpeleka. Huko wakatuuliza tulikuwa wapi siku zote. Hakumaliza usiku.

Msibani akaja mama mmoja na kikapu cha maharage. Nikamtambua, wa pale sokoni. Alikuwa anamuuzia Mama maharage siku zote, mimi sikujua, na Mama naye alimjua kwa maharage tu. Akauliza marehemu kafa kwa nini, akaambiwa mguu. Akakaa chini pale pale kwenye majani, bila mkeka.

"Mguu tu?" akasema. "Mbona hamkuniita?"

"Tukuite wewe, mama?" nikamuuliza.

"Nimesoma kwa Bibi wa Dindira. Siku za soko nauza maharage, siku nyingine nafunga mifupa."

"Uliniambia ana mwanafunzi mmoja."

Akanitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa ananikumbuka. "Ndiyo, mmoja. Sisi wengine tulishamaliza. Bibi akiona umeweza anakutoa na mkoba wako. Anasema, nenda kwenu, watu wanaumia."

Kumbe pale nilipotafuna muhindi wangu, fundi aliyemaliza Dindira alikuwa mbele yangu anapima maharage.

Mzee Mhina alituma rambirambi, na neno kwa Kaka kwamba nafasi yake kwenye mstari wa majembe bado ipo. Kaka hakurudi. Sasa anakata mkonge kwenye zamu ya Baba. Mtu akivunjika wanamwita, anakataa. Wakimwambia aende Dindira, anasema mikono yake imeharibika. Haijaharibika. Nimeiona.

Sasa nyinyi na vyuo vyenu vya bati.

Mkienda kuchagua mwalimu, msihesabu aliokaa nao. Ulizeni waliomaliza kwake wako wapi, na wanafanya nini leo. Mkionyeshwa mwanafunzi mwenye mvi, msipige goti, geukeni mrudi. Na kama njia ina utelezi, pandeni hivyo hivyo mchafuke.

Chini hapa nimeacha nafasi, na penseli nimeifunga kwa kamba. Aliye na ndugu anayesoma bila kumaliza, aandike. Anayetaka kunitukana pia aandike, ila aweke jina.

Kuna neno moja limebaki.

Likizo iliyopita, baada ya arobaini, nilishindwa kukaa nalo. Mama alikuwa uani anachambua mchicha. Yule kuku anatembea mbele yake, wima, kama vile hajawahi kuvunjika. Nikamwambia yote: soko, muhindi, bao, kwamba Dindira sikufika.

Hakuacha kuchambua. Akasema hivi, na sijaongeza wala kupunguza:

"Nilijua. Siku ile mlimani mvua ilikuwa inanyesha, tunaiona toka mlangoni, na wewe ukarudi mkavu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka mwanangu aende kwa watu wa kwetu. Sasa mkamate huyu kuku, umpeleke mbali. Sitaki kumwona anatembea."