Mgonjwa Aliyependeza Mno

Kwetu hatutoki nje na nguo yenye mikunjo. Mama ni fundi cherehani, dada yangu naye fundi cherehani, na kwa Mama kila mtu wa nyumba hii ni tangazo la biashara linalotembea. Hata ukienda kung'olewa jino, utang'olewa ukiwa umepigwa pasi.

Kwa hiyo dada alipopata ugonjwa wa uchovu sugu, Mama aliona uvivu. Mtu hana homa, hakohoi, halafu akishona mkono mmoja wa shati analala kutwa nzima na kuamka amechoka zaidi? "Jikaze," Mama alimwambia asubuhi, mchana na jioni, kama dozi. Dada akajikaza mpaka akadondoka na mkasi mkononi. Mama akauokota mkasi kwanza.

Ndipo hospitali moja ikatangaza inatafuta wagonjwa wa aina yake wa kujaribiwa dawa mpya. Dada wala hakuitegemea sana hiyo dawa. Aliniambia, "Mdogo wangu, mimi nataka tu daktari mmoja amwambie Mama kwamba naumwa."

Sasa oneni akili za wasomi. Watafiti wa uchovu walikaa ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa mbovu. Ukifika juu unapandishwa baiskeli isiyokwenda popote, ukanyage wapime umechoka kiasi gani. Nusu ya wagonjwa walipewa dawa, nusu vidonge vitupu, na nani kapewa nini hata daktari hakujua. "Hajui anachompa mgonjwa," Mama aliuliza, "na huyo ndiye mnamwita daktari?" Hapo nilikuwa upande wake, ila sikumwambia.

Kila miadi ikikaribia, dada alilala wiki nzima akusanye nguvu za kupanda ngazi. Siku yenyewe Mama anamchana nywele, anampaka poda, anamvalisha gauni lililonyooka. Daktari akimwona anafurahi: "Dada, umependeza! Naona unapiga hatua." Anaandika. Hospitalini hakuna aliyemwona akirudi nyumbani, akianguka kitandani na gauni lake, akikaa gizani siku kadhaa kwa sababu hata mwanga wa dirisha ulimchosha. Nilimshauri aende amechakaa japo mara moja. Akaniangalia kana kwamba nimemtuma aende uchi. Mtoto wa fundi atakufa na tai shingoni.

Ikabaki miadi ya mwisho. Mama alishatamka: daktari akisema amepona, kesho yake anarudi kwenye cherehani, na nyimbo za uchovu zikome.

Asubuhi hiyo Mama alimkalisha kitandani, akaanza kumfunga vifungo vya mgongoni. Kichwa cha dada kikaanguka mbele. Mama akakiinua, kikaanguka tena. "Acha utani," akasema. Dada akajaribu kujibu, midomo ikasogea bila sauti, machozi yakamtoka, na hakuwa na nguvu hata ya kuyafuta. Mama alisimama nyuma yake muda mrefu, vidole kwenye kifungo. Kisha akavifungua vyote, akamlaza.

Simu ikalia. Daktari alikuwa mpole: asipofika leo, utaratibu unataka aondolewe, maana wanaohesabiwa ni wanaomaliza. Na ingekuwa hasara, kwani alikuwa akiendelea vizuri kuliko wengi.

"Hawezi kuja," Mama alisema.

"Ana nini, mama?"

Majibu ya Mama nilikuwa nayajua yote, nikajiandaa kukasirika.

"Mwanangu ni mgonjwa," Mama alisema. "Mgonjwa sana. Mkitaka kumpima, njooni nyinyi. Na mje sasa hivi, kabla sijamchana nywele."

Hawakuja. Walimtoa kwenye jaribio, na nasikia dawa yao iliwasaidia karibu wote walioinywa na kubaki hadi mwisho. Dada hakuuliza hata kama yeye alipewa dawa ya kweli au vidonge vitupu. Alichokuwa anakitafuta ghorofa ya nne alishakisikia akiwa kitandani, macho wazi, nywele timtim.