Nasaba ya Fahali wa Baba

Majivuno ya nasaba ni kosa la kipuuzi, na baba yangu alikuwa nayo kwa niaba ya ng'ombe. Fahali wake mwekundu, pale Makwale, hakuwa na tone la damu ya kigeni, alisema. Ng'ombe wa majirani aliwaita "wa kuokoteza". Watafiti walipotangaza kwamba wanatafuta dume la asili halisi litakalotunzwa kwa ajili ya mbegu ya kijiji, aliwaalika majirani wote waje uani kwake siku ya majibu.

Tatizo lilikuwa mtafiti mwenyewe. Alikuwa mke wangu, na kwa mila yetu ya Kinyakyusa, ambayo baba aliishika bila kulegeza, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Mimi nilikataliwa ujumbe; baba alidai kila neno ninalotumwa nalipamba kwa mahubiri. Basi mke wangu alipokuja kung'oa nywele za mkia ili zikapimwe vinasaba, baba alijibanza nyuma ya migomba, akazungumza na fahali.

"Wewe dume, mwambie huyo asiumalize mkia. Nzi utawafukuza na nini?"

"Dume, mwambie baba nachukua chache tu. Zitakazobaki zinatosha hata kufagilia uwanja."

Majibu yalipofika, mke wangu aliyasoma akayakunja. Asubuhi ya mwaliko, majirani wakiwa bado njiani, alikwenda zizini, mimi nikimfuata, akasubiri migomba itikisike.

"Dume, pole. Babu yako alikuwa ng'ombe wa maziwa wa kigeni. Hukuchaguliwa. Nakuambia wewe kwanza, ili baba asiyasikie mbele za watu."

Nilikuwa na hotuba fupi juu ya unyenyekevu, nikaimeza.

"Dume," baba akasema, "hawakukosea?"

"Mwambie tulirudia kupima."

"Basi mwambie ndaga. Mwambie nashukuru sana."

Majirani walipoketi, baba mwenyewe alitangaza kwamba dume lake limechanganya damu, akaomba radhi kwa lile neno la kuokoteza.

"Karibu kundini, mzee!" jirani mmoja akapaza sauti, na uani kukawa kicheko kitupu, cha baba kikiwemo.

Jioni nilimuuliza ni nani aliyemtia ujasiri ule. Nilitarajia, nakiri, kwamba mahubiri yangu yatakumbukwa.

"Mkwe wangu," akasema.