Samaki wa Udongo Mkavu

Mwaka huu nilipita kijijini kwetu Msangano mvua za kwanza zikinyesha, nikanusa udongo uliolowa, nikasimama. Msomaji mwenzangu, kama ulikulia kwetu enzi za Waingereza, harufu hiyo unaijua. Mimi hunikumbusha samaki wasiofikia urefu wa kidole.

Waliishi katika dimbwi nyuma ya shamba letu la ulezi. Madume walikuwa wekundu mkiani na buluu ubavuni. Majike walikuwa rangi ya vumbi. Kila kiangazi dimbwi lilikauka hadi likapasuka nyufa, na mvua ziliporudi, samaki nao walirudi. Watu wazima walisema wanashuka na mvua. Bibi yangu, mfinyanzi, alichimba udongo wake pembezoni tu. "Tumbo la dimbwi haliguswi," alisema, kama alivyofundishwa na mama yake.

Kiangazi kimoja aliloweka udongo mkavu ndani ya nyumba. Baada ya muda tukaona humo vitu vyembamba kama nyuzi, vyenye macho, vinaogelea. Jirani alicheka hadi akashika mbavu.

"Mama, udongo wako umezaa! Utatuuzia vyungu au mboga?"

"Cheka tu," Bibi alijibu. "Humu ndani mvua imenyesha lini?"

Basi mimi na Bibi tukajua kwamba mayai ya samaki hulala udongoni.

Kabla ya mvua kuanza, nyapara wa barabara alikuja kulifukia dimbwi. Majirani hawakubisha, samaki si watashuka na mvua mahali pengine? Bibi peke yake alimsihi.

"Mama, barabara ya serikali ikwepe vidagaa?" nyapara alimjibu.

Hapo Bibi akalichimba tumbo la dimbwi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tulibeba udongo kwa vikapu hadi bondeni, ng'ambo ya shamba, tukaumwaga penye shimo la kutuamisha maji, tukila viporo vya ugali njiani.

Mvua zilinyesha, shimo likajaa, vifaranga wa samaki wakatoka. Kila asubuhi nilikimbia kuwatazama kabla ya shule. Kisha mvua zikapumzika kidogo, kama kawaida yake, na maji yakazama ardhini kabla hata dume mmoja hajapata rangi. Bibi alichutama, akapapasa chini kwa kiganja.

"Mchanga," alisema. "Maisha yangu yote napima udongo kwa mkono. Hapa sikupima."

Baadaye nilijisomea kwamba samaki hao hukua upesi, wakataga kabla maji hayajakauka. Wetu walikosa majuma machache tu. Sasa malori hupita pale lilipokuwa dimbwi. Nami, mtu mzima mwenye miwani, kila mvua inaponyesha huinama penye maji yaliyotuama, nikatafuta wekundu.