Sensa Niliyopewa Kawangware

Hiki ninachokuambia sikukisikia kwa watu. Kilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote, na mita yangu ya kupimia umeme ikiwa mkononi. Najua utasema fundi huyu alikuwa na njaa, au amevuta moshi mwingi wa kulehemu. Sema tu. Hata mimi nilikuwa nikiwacheka watu wa hadithi za majini. Mtu akianza kunisimulia habari za mwanamke mwenye kwato, nilikuwa nikimwuliza kama alimpima kiatu. Tena watu hao husema mambo hutokea usiku wa manane, njia ikiwa tupu. Langu lilitokea saa tatu asubuhi, na mama mboga alikuwa akipanga sukuma wiki hatua kumi tu kutoka nilipokuwa.

Mimi ni mwanamke na ni fundi wa elektroniki. Kibanda changu kiko Raila, huku Kibera. Natengeneza redio, amplifaya, chaja za sola, na bodi ikiungua kabisa naiunda upya, kipuri kwa kipuri. Nina mdomo, sikatai, lakini kazi naijua.

Mama yangu naishi naye chumba kimoja. Mapafu yake yalichoka kwa moshi wa makaa aliyopikia watu chapati miaka na miaka, na sasa hewa yake inatoka kwa mashine ya oksijeni iliyo kando ya kitanda. Jumatatu moja ya mwezi wa saba stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na ile mashine ikatoa harufu ninayoijua kuliko harufu ya chakula. Bodi ilikuwa imeungua. Hospitali niliyopigia simu haikuwa na kitanda. Zahanati moja ya Silanga, hapa hapa Kibera, ikanikopesha mtungi wa oksijeni, na nesi akaniambia bila kuzunguka kwamba mtungi huo ungetosha hadi kesho yake jioni, basi, na mwingine hawakuwa nao.

Nilikuwa na mchoro wa bodi ile, kwa sababu nilishaifungua zamani na kuinakili. Kuunda nyingine kungenichukua saa nne. Lakini kabla ya kuunda, kuna kutafuta. Sisi mafundi tuna sheria moja ambayo hakuna anayeivunja mara mbili: usiwashe chuma chako cha kulehemu kabla kila kipuri kwenye orodha hakijawa mezani na hakijapimwa. Orodha yangu ilikuwa na vipuri ishirini na sita. Jumatatu hiyo nilizunguka maduka ya mjini mpaka yakafungwa, nikapata ishirini na vinne. Vilivyobaki ni rizista moja ya megaomu kumi, kipuri cha kupunguza umeme kisichomkosesha fundi usingizi, na sensa ya shinikizo la hewa. Hiyo sensa ndiyo iliyonitoa jasho. Ni kidude kidogo, kina miguu sita na pua ya kuingiza mpira, lakini bila hicho mashine haijui mgonjwa anapata hewa au hapati. Madukani waliniambia wiki tatu, inatoka ng'ambo. Wiki tatu! Mama yangu alikuwa na siku moja.

Mtu mmoja akaniambia Kawangware kuna mafundi wanaobomoa mashine kuukuu za hospitali. Jumanne asubuhi nikapanda boda, mtungi nikimwachia jirani auangalie. Baridi ilikuwa ya kuuma. Niliuliza meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna. Nilikuwa nimeanza kulia, nakuambia ukweli, nalia huku natembea kama mtoto aliyepoteza chenji, niliposikia mtu ananiita.

"Fundi! Fundi wa Raila!"

Alikuwa mzee mwembamba, ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba ya mabati, koti la kijivu limefungwa hadi shingoni. Mbele yake palikuwa na katoni. Sikumjua. Nilidhani ameniona kwenye zile meza nyingine, maana Kawangware habari husafiri.

"Umechelewa, fundi," akaniambia. "Lakini karibu. Unatafuta sensa?"

Sikuwa nimemwambia. Hata hivyo mtu anayezama huuliza maswali? Nikasema ndiyo, sensa na rizista ya meg kumi, mama yangu ni mgonjwa. Akatia mkono kwenye katoni bila kuangalia, akatoa vitu viwili, akaviweka kwenye kiganja chake. Vilikuwa ni hivyo hivyo.

Lakini mimi ni fundi, na fundi hapokei kitu bila kupima. Nikatoa mita. Nikamwambia aishike rizista ili niiguse na nyaya, naye akafanya kosa ambalo tunawapigia kelele wanafunzi siku ya kwanza: akaibana miguu yote miwili kwa vidole vyake, pamoja na ncha za nyaya zangu. Nikamwambia, "Mzee, usishike hivyo. Mwili wako utaingia kwa hesabu."

Nikueleze kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Mwili wa mtu hupitisha umeme kidogo. Shika ncha mbili za mita kwa vidole na utaona namba. Mimi hucheza karibu na megaomu moja, na nikiwa na jasho hushuka. Kwa hiyo ukiibana rizista ya megaomu kumi kwa vidole vitupu, mita haitakusomea kumi. Itakusoma wewe. Itashuka chini ya moja, kila mara, kwa kila binadamu.

Mzee akatabasamu. "Mimi siingii kwa hesabu, fundi. Angalia."

Nikaangalia. Mita ilisema kumi, kumi kamili. Haikutikisika.

Nilifikiri betri imekwisha. Nikazibana ncha kwa vidole vyangu mwenyewe, namba ikaja kama kawaida. Nikambana tena yeye na rizista yake: kumi. Wala sikufikiria, mkono wangu ulienda wenyewe. Nikachukua zile ncha mbili nikazikandamiza katikati ya kiganja chake. Kiganja kilikuwa na unyevu, baridi kama chupa iliyotoka friji. Unyevu, unasikia? Kiganja chenye maji kingepaswa kuishusha namba mara moja.

Mita ilionyesha zile herufi mbili inazoonyesha nyaya zikiwa hazijagusa kitu. Kwa mita yangu, pale palikuwa na hewa tupu.

Niinueje macho? Niliyainua. Ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, mama mboga kule anatoa mvuke mdomoni, mimi natoa mvuke kama sufuria. Mdomo wa yule mzee ulikuwa wazi kidogo, ananitabasamia, na hakukutoka mvuke wowote.

"Chukua," akasema. "Mama yako anangoja. Mimi ninajua kungoja."

Niamini, nilitaka kuviacha. Nywele zangu zote zilisimama, na mkojo, samahani, ulikaribia. Lakini akilini nilimwona mama yangu na mshale wa kipimo cha mtungi ukishuka, nikavinyakua vile vipuri, nikakimbia. Nilimkanyagia mama mboga nyanya zake, akanitukana mimi na ukoo wangu. Sikugeuka.

Utaniuliza kwa nini nilivitumia. Wewe ungefanyaje? Nilifika Raila, nikavipima tena vyote ishirini na sita, nikawasha chuma. Saa kumi jioni bodi ilikuwa imekamilika. Ilibaki kuisafisha kwa spiriti, na hapo ndipo kitambaa kiliponiondolea vumbi lililokuwa ubavuni mwa ile sensa.

Palikuwa na nukta ya rangi nyekundu. Rangi ya kucha.

Mwanadamu mwenzangu, nilipiga ukelele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi. Ile nukta ni yangu. Kila kipuri ninachokitoa kwenye mashine kuukuu nakitia nukta ya rangi ya kucha, ili nikikiuza kisirudishwe kwangu kimebadilishwa. Mimi ndiye niliyewahi kuitoa sensa ile, nikamwuzia fundi wa kupita ambaye hata sura yake siikumbuki. Na katika maisha yangu yote nilikuwa nimebomoa mashine moja tu ya oksijeni.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu. Ukimletea fundi kitu na siku thelathini ziishe hujakifuata, kitu hicho kinakuwa spea. Karatasi yenye maneno hayo iko ukutani kwa karibu kila fundi, na kwangu pia ilikuwepo. Miaka miwili kabla ya hapo, boda aliniletea mashine ya oksijeni ya mteja wa Kawangware, ina kasoro ndogo tu. Nilipoimaliza nilipiga simu mara moja. Haikupokelewa. Nikasema mwenyewe atakuja, kwani mimi ni mtumwa wake? Siku ya thelathini na moja nikaibomoa. Ganda lake bado lilikuwa chini ya meza, nimelifanya stuli ya kuwekea miguu.

Niliitia bodi kwenye mashine na kumwunganisha mama kwanza. Ikawaka, ikanguruma, midomo yake ikarudiwa na rangi. Kisha nikaenda kwenye lile ganda nikaligeuza. Karatasi ya mteja ilikuwa bado imefungwa kwa uzi: Mzee Andayi, Kawangware, na namba ya simu. Nikapiga. Akapokea msichana.

"Hello? Ni nani?"

Nikasema ni fundi wa Raila, namtafuta Mzee Andayi, ni kuhusu mashine.

"Saa hii ndio unapiga?" akasema. "Baba alikufa. Alikuwa anangoja hiyo mashine."

Sikulala. Asubuhi nilienda, kwa sababu nisingeweza kukaa na jambo lile kifuani. Alinielekeza kwa simu, nami nikafuata, kona baada ya kona, nikijua ninakoelekea kabla hajaniambia. Ilikuwa nyumba ile ile ya mabati. Mama mboga alikuwa pale pale na aliponiona akakusanya nyanya zake upesi. Mlangoni hapakuwa na kigoda wala katoni. Nilimwuliza mama mboga kuhusu mzee wa jana. Akanitazama kama mtu anayeamua kama nimelewa. "Mzee gani? Wewe ulisimama hapo ukaongea na mlango, ukapima mlango na hizo waya zako, ukatoka mbio!"

Yule binti alitoka. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, amevaa leso kiunoni. Nilimwambia yote, kuanzia simu moja niliyopiga hadi ile nukta. Sikujitetea kwa ile karatasi ya ukutani. Alisikiliza amesimama.

"Simu ilikuwa imeibiwa hiyo wiki," akasema. "Tukarudisha laini baadaye. Mimi nilikuwa kazi ya ndani Mombasa, yeye hangeweza kutembea mpaka Kibera, hata choo alikuwa anafika akipumzika mara mbili. Alikaa hapo mlangoni. Kila boda ikipita anasimama. Miezi miwili, fundi. Alikuwa anaambia watu, huyo fundi ni mwanamke, hawezi nidanganya."

Nilipiga magoti palepale kwenye matope. Nikamwambia nitaitoa ile sensa nimrudishie, nitamtengenezea mashine nzima, chochote. Nilikuwa nikimaanisha, na papo hapo nilikuwa nikiomba Mungu asikubali.

"Ya nini?" akasema. "Nani atapumua nayo hapa? Wacha ikae kwa mama yako." Kisha akashika mlango. "Lakini usirudi hapa. Tafadhali."

Sijarudi.

Ile karatasi ya siku thelathini niliichana. Wateja hunicheka kwa sababu nina vitu vya watu mpaka juu ya kabati, pasi za miaka mitatu, redio ambazo wenyewe wamehama. Nikikosa mtu kwa simu napiga tena, nikimkosa tena naenda kwa miguu hadi kwake, awe Silanga awe wapi. Na sinunui kipuri kabla sijaulizia mashine kilikotolewa ni ya nani. Muuzaji akikasirika, akasirike. Nawe unayesoma haya, kama kazi yako ni kubomoa vya watu ili kujenga vingine, usiseme siku zimeisha. Kuna mtu ameketi mlangoni mahali fulani, na hujui ni nini kinachomshika hapo. Mimi nilidhani ukimya wa simu maana yake ni kwamba mtu ameacha kuhitaji.

Mama bado yupo. Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba mzee mmoja wa Kawangware alinipa ile sensa bila kuniuliza kitu, naye akataka jina. Nikampa jina. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kulala, mpira wa hewa ukiwa puani, Mama hufumba macho na kumwombea Mzee Andayi maisha marefu, nami nikiwa kando ya kitanda huitikia amina.